Tusiisingizie Qadari kwa Uzembe Wetu



Ndugu wazazi, jua likiwa kali hapa Buhehe watoto hukimbilia Mto Sio, au mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi wilayani Busia yakajaa maji. Akizama mmoja, tunasema: "Ni qadari." Wengine humtaja jini.

Huko ni kukwepa dhamana! Suratul Baqarah, aya ya 195, inatukataza kujitia maangamizoni. Na Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tumefunga nini?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto chini ya miaka mitano. Wote hao wamevutwa na jini?

Kingo za shimo ni utelezi, na kina hubadilika ghafla. Mwenzako akizama, usijitose: mrushie kamba au mtungi mtupu uliozibwa, huku ukiita watu.

Nasi walimu tukiri: tumewafundisha watoto maji yafaayo kwa udhu, hatukuwafundisha maji yauayo. Tuanze leo. Nanyi wazazi, jueni mwana yuko wapi baada ya darasa.

Wabillahi tawfiq.