Rangi ya meza zetu: kosa si la mkebe



Kila mwezi wa tisa ni jambo lile lile. Masomo yanafunguliwa, meza zinapakwa rangi upesi upesi, wageni wanapita, wanasifu. Kufika Noeli rangi inabambuka vipande vipande, inashika kwenye mashati yetu meupe, na mama zetu nyumbani wanauliza. Ndipo tunasikia: "Ile rangi ni ya bei ya chini, wazazi waongeze feza." Sisi wa mwaka wa tano tunakataa. Tuliokota vipande vilivyoanguka, tukavigeuza. Chini yake kulikuwa vumbi, nta ya mishumaa, na nyuzi za kijivu za mbao. Basi rangi ilishika vizuri sana, lakini ilishika uchafu, haikushika mbao.

Iko hivi. Mbao ni kama fungu la mirija midogo sana. Rangi inaingia kidogo ndani yake, inakauka, inakamata kama mizizi. Mirija ikijaa maji, mafuta ao nta, rangi itaingia wapi? Tena mbao ikinyonya maji inavimba kwa upana, ikikauka inanywea, na rangi iliyo juu inavutwa mpaka inapasuka. Ile iliyolala juani miezi mingi nayo ngozi yake imekufa, kwani jua linaharibu gundi inayounganisha nyuzi. Kuipaka vile ni kuvalisha maiti. Hata mvule, tunaousifu kwa kuwa mchwa hawaupendi, uko na dawa yake ya ndani yenye kuchelewesha rangi ya mafuta kukauka.

Wengine wanafikiri mbao ikingaa kama kioo ndiyo bora. Hapana! Randa yenye makali yaliyokufa inaponda nyuzi na kufunga mirija. Lazima kusugua na msasa, namba 80 kisha 120, kufuata nyuzi, na kupangusa vumbi. Rangi ya zamani inayongaa isuguliwe vilevile.

Kipimo ni rahisi, hakiombi feza. Weka tone la maji juu ya meza. Likisimama mviringo kama juu ya jani la ndizi, usipake. Likienea na kunywewa polepole, paka. Tulijaribu darasani kwetu: kwenye meza nyingi lilisimama, zaidi pale tunaposomea usiku na mishumaa. Hapo tujilaumu wenyewe, nta ile ni yetu.

Lakini mwezi wa tisa si kosa letu. Mvua imekwisha kuanza, na mbao yenye maji kupita 20 kwa mia haifai kupakwa. Tunaomba Bwana Prefe kazi ile ihamie mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Sisi tunaokaa karibu na masomo tutakuja kusugua. Feza waliyotaka kuongeza inunue msasa kwanza, na tuanze na zile meza tatu za nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo.