Ndege za zamani, macho mapya

Wakaaji wa Goma wanaijua Sukhoi-25. Tarehe 24 Januari 2023, moja ya FARDC ilipigwa kombora angani, ikatua mjini ikiwa imeharibika. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1975. Huko Tbilisi, Georgia, zilikoundwa enzi za Wasovieti, mwaka 2001 kiwanda kilishirikiana na kampuni ya Elbit ya Israeli kutia kompyuta na vyombo vipya vya kulenga ndani ya mwili uleule. Faida yake ni kulenga vizuri zaidi. Lakini chuma huchakaa, na kompyuta haimtambui mkimbizi. Inafuata shabaha iliyopewa. Kwa hiyo, ndugu, tusiulize tu kama ndege imekarabatiwa. Tuulize pia nani anahakikisha shabaha kabla bomu halijaangushwa karibu na kijiji.