Mastaa wanaopozi na bourbon Kigoma wapunguze kuicheka gongo

Wadau wa mitandao wameshaizoea ile picha. Staa katua Kigoma "kusalimia nyumbani", jioni yuko ufukweni upande wa Bangwe, jua linazama nyuma ya milima ya Congo, mezani kuna migebuka ya kuchoma na chupa ya bourbon iliyogeuzwa ili lebo isomeke vizuri. Hadi hapo hakuna kesi. Hela ni yake, ini ni lake. Shida inaanza pale kepsheni inapoongezewa kijembe kwa wanywa gongo, kwamba hao ni washamba, watu wasiojua kinywaji. Mashabiki wanacheka, wanashea, siku inaisha. Majina hayatatajwa hapa, wenyewe wanajijua.

Wangejua kilichomo kwenye hiyo glasi wangepunguza mdomo.

Bourbon ni mahindi. Sheria ya Marekani inataka nafaka zake ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na zinazobaki kwa kawaida ni rai au ngano pamoja na shayiri iliyooteshwa. Hiyo shayiri ni kimea tu, kitu ambacho bibi yeyote anayepika pombe ya kienyeji anakijua bila kusoma lebo. Uji unapikwa, unapoa, unatiwa hamira, unachachuka siku kadhaa, halafu unachemshwa mtamboni na mvuke wake unapozwa mpaka udondoke. Kinachodondoka ni cheupe kama maji na kinachoma koo. Kwa hatua hiyo kinachotofautisha mtambo wa Kentucky na pipa la bibi kichakani ni usafi na vipimo, ujuzi ni uleule.

Kinachokuja baadaye ndicho kinacholipiwa. Pombe inaingizwa kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikawa mkaa, ikiwa na kileo kisichozidi asilimia 62.5. Joto la kiangazi linaisukuma iingie kwenye mbao, baridi inairudisha, miaka inakwenda, nyingine inapotea hewani. Rangi yote ya dhahabu inayopendeza kwenye picha imetoka kwenye mbao, maana kuongeza rangi kwenye bourbon ni marufuku. (Na ile chupa ya mraba yenye lebo nyeusi ya Jack Daniel's ambayo wengine wanaiandikia "bourbon"? Inatoka Tennessee, na yenyewe inajiita whiskey ya Tennessee.)

Chanzo chake hakikuwa cha kishua hata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 18 wakulima wa Kentucky walikuwa na mahindi mengi na barabara mbovu, na kubeba pipa la pombe kulilipa kuliko kubeba magunia. Serikali ilipoweka kodi ya pombe kali mwaka 1791, wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania waligoma, na mwaka 1794 Rais George Washington akapeleka wanajeshi kuwatuliza. Alipostaafu, mzee huyohuyo akafungua mtambo wake wa whiskey kwenye shamba lake la Mount Vernon. Wakubwa ni walewale kila nchi.

Kwenye mtambo huo waliofanya kazi walikuwa watumwa. Jack Daniel mwenyewe alifundishwa kupika na Nathan "Nearest" Green, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, na kampuni ilisubiri hadi 2016 kuanza kulisema hilo kwa sauti. Mtu wa Ujiji angetakiwa kusimama kidogo hapo. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa waliovushwa ziwa na kutembezwa mpaka pwani. Kuinua chupa kwenye ufukwe huu na papo hapo kumdharau mpikaji asiye na jina, hiyo ni kutokujua historia ya pande zote mbili.

Heshima ya bourbon ililetwa na sheria. Karne ya 19 wachakachuaji walikuwa wengi, wanachukua pombe kali yoyote, wanaitia rangi na ladha, wanaiuza kama ya zamani. Mwaka 1897 ikapitishwa sheria kwamba whiskey yenye muhuri wa serikali lazima itoke mtambo mmoja, msimu mmoja, ikae ghalani chini ya ulinzi wa serikali angalau miaka minne na iwe na kileo cha asilimia 50. Mnywaji akapata cha kuamini. Mwaka 1964 Bunge la Marekani likaitangaza bourbon kuwa bidhaa ya pekee ya nchi hiyo.

Huku kwetu kuna Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na moshi hapa ni pombe, siyo mji wa Kilimanjaro. Kupika, kuuza au hata kukutwa nayo bila leseni ni kosa. Neno leseni limo, lakini mama anayepika kwa sufuria na bomba ili alipe ada ya mtoto anaijua sheria hiyo siku ya kukamatwa tu. Uganda, miaka hiyohiyo ya 60, nayo ilizuia kupika enguli bila leseni, ila enguli ya wenye leseni ikanunuliwa, ikasafishwa kiwandani na kutoka kama Uganda Waragi. Leo inakaa kwenye kaunta moja na hizo bourbon.

Kuruhusu peke yake hakutoshi, hilo lisemwe. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010, na Mei 2014 bado watu kwa makumi walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka. Gongo isiyopimwa inaua, na kwa familia nyingi za Ujiji, mji wa Waislamu wengi, pombe ya aina yoyote haina nafasi nyumbani. Msimamo huo unaeleweka kuliko wa staa anayeshusha chupa nzima na kumcheka jirani kwa kikombe.

Mwenye wafuasi milioni anaweza kuuliza swali moja kwenye kepsheni yake ijayo: ile leseni iliyotajwa mwaka 1966, mama wa Ujiji anaipataje?