Si kila tumbo linalosokota ni amiba

Jirani yangu hapa Mkomani alinijia juzi ameshika bahasha iliyojaa karatasi za maabara na maganda matupu ya vidonge. Zote zilikuwa za mwanawe, mwanafunzi wa chuo.

"Dada, mara amiba, mara homa ya matumbo, mara amiba tena. Mwaka wa pili huu. Dawa zinakwisha, tumbo halikwishi. Nifanyeje?"

Mitihani ikikaribia, tumbo la kijana huyo humsokota na kujaa hewa, akaharisha mara tatu kabla hakujapambazuka vyema. Akitoka chooni hupata nafuu. Wiki nyingine hukaa siku nne bila kwenda haja kubwa. Kupanda matatu kuvuka daraja la Nyali kwenda mjini kumekuwa adhabu: foleni ikisimama darajani, atakimbilia wapi? Ameanza kukosa masomo, na kwa aibu hamwambii mtu.

Msomaji, huenda nawe unamjua mtu wa namna hii. Yako maradhi ambayo madaktari huyaita kwa herufi tatu tu, IBS. Kwa maneno mepesi ni matumbo yanayochokozeka upesi. Ukiyachunguza hayana kidonda wala uvimbe, lakini mwendo wake umevurugika, na mishipa yake ya fahamu huona maumivu kwa hewa kidogo ambayo mwingine asingeihisi.

Kanuni za wataalamu zilizotolewa mwaka wa 2016, ziitwazo Roma ya nne, zinasema hivi: tumbo liwe linauma angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na dalili ziwe zilianza miezi sita nyuma au zaidi. Tena maumivu hayo yaambatane na mambo mawili kati ya haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kubadilika kwa choo chenyewe, kikawa kigumu au cha majimaji.

Mbona basi watu wengi huambiwa wana amiba? Chini ya darubini, amiba inayodhuru inafanana kabisa na nduguye asiyedhuru, aitwaye Entamoeba dispar. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka wa 1896, nacho huweza kuonyesha homa ya matumbo ilhali mtu hana. Hivyo mgonjwa hupewa dawa za kuua vijidudu, akapata nafuu wiki moja, kisha akarudi pale pale. Kuzimeza ovyo kunawaua hata vijidudu vyema vya utumbo, na kuwafanya wale wabaya wawe sugu.

Sisemi kwamba amiba haipo. Uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi huku Kisauni, uliochapishwa mwaka wa 2006, ulionyesha jinsi vyoo vya shimo vinavyochafua visima vyetu. Tena maambukizi ya tumbo yanaweza kuwa ndiyo mwanzo wa IBS: yapata mtu mmoja kati ya kumi wanaougua kuhara kwa vijidudu hubaki na matumbo haya hata baada ya vijidudu kwisha. Kwa hiyo chemsha maji ya kunywa, au yatie dawa. Hiyo ni kinga ya yote mawili.

Kabla ya kusema ni IBS, ziko dalili ambazo hazingojei. Damu katika choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na kuhara, uvimbe tumboni, au shida kuanza baada ya umri wa miaka 50. Vilevile ikiwa mzazi au ndugu amewahi kupata saratani ya utumbo. Ukiwa na mojawapo, nenda hospitali upimwe.

Sasa tuje jikoni. Kula kwa saa maalumu, usiruke mlo, usile kwa pupa. Chai na kahawa zisizidi vikombe vitatu kwa siku. Punguza pilipili, achari na vya kukaanga kama bhajia na viazi karai. Wakati wa Ramadhani, usifuturu kwa sinia zima kwa mkupuo mmoja.

Ikiwa hayo hayatoshi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walitunga mpango wa kupunguza sukari fulani ambazo utumbo hushindwa kuzifyonza vyema, zikachacha na kuleta hewa. Kwetu sukari hizo zimo katika vitunguu maji, vitunguu saumu, mbaazi, maharagwe, maziwa, maembe, tikiti maji na vyakula vya ngano. Naam, mahamri kwa mbaazi, kiamsha kinywa chetu cha fahari, kimo humo!

Usikate tamaa. Wali, samaki, mayai, viazi, mchicha, sukuma wiki, karoti, papai na machungwa kwa kawaida havina taabu. Ukitaka ladha ya kitunguu saumu, kikaange kizima katika mafuta, kisha ukitoe kabla ya kutia nyanya au maji. Sukari yake haiyeyuki katika mafuta. Mpango huu ni wa wiki nne hadi sita, halafu unarudisha chakula kimoja kimoja ili ujue adui wako hasa ni yupi. Haufai kuwa wa maisha, na ni vyema kuufuata kwa msaada wa mtaalamu wa lishe.

Kwa upande wa dawa, maganda ya isabgoli pamoja na maji mengi husaidia wengi, hasa wenye choo kigumu. Anza kwa kiasi kidogo. Ziko dawa za kulegeza msokoto, mafuta ya peremende katika vidonge, na loperamide ya kupunguza kuhara. Mwaka wa 2023 utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba amitriptyline, dawa ya zamani ya huzuni, ikitolewa kwa kipimo kidogo huwapunguzia wengi dalili. Hiyo haimaanishi mgonjwa ana wazimu. Ubongo na utumbo huzungumza mchana na usiku, na ndiyo sababu mtihani, deni au ugomvi wa nyumbani hushukia tumboni. Usingizi wa kutosha, kutembea kila siku na mazungumzo na mshauri ni sehemu ya tiba pia.

Nilimshauri jirani yangu ampeleke kijana kwa daktari mmoja tu, atakayemfuatilia tangu mwanzo hadi mwisho, na aende na bahasha ile yote. Kijana naye aandike kwa wiki mbili alichokula, saa aliyokwenda choo na jambo lililokuwa likimsumbua moyoni. Daftari la shilingi chache huenda likamwambia daktari mengi kuliko kipimo cha tano.

Maradhi haya hayaui, wala hayageuki saratani. Lakini yanaweza kumwibia kijana masomo yake akiwa amenyamaza. Wazazi, tuwaulize watoto wetu habari za matumbo yao, na wakitujibu tusicheke.

Tukutane Jumapili ijayo, Inshallah.