Mchezo wa Poka

Katika lugha yetu, kupoka ni kumnyang'anya mtu alicho nacho. Mchezo wa karata uitwao poka ulipata jina lake ughaibuni, wala haukulitwaa kwetu. Hata hivyo jina limeuelekea. Siku hizi mchezo huo huchezwa kwa simu usiku na mchana, na vijana huahidiwa kwamba mtu akijifunza vema aweza kuufanya kazi ya kumpa mshahara. Msomaji mpendwa, ahadi hiyo ndiyo nitakayo kuipinga.

Nakiri kwanza kwamba poka si bahati tupu. Mchezaji haoni karata za wenzake. Hana budi kukisia, kupima hesabu, kutupa karata mbovu na kungoja. Wapo wachache ambao hushinda mwaka baada ya mwaka. Watu hao huandika kila shilingi iingiayo na itokayo, wala hawachezi kwa hasira. Wajua kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini yatupasa kuuliza: fedha wanayoshinda yatoka wapi? Mkulima apandaye mahindi huvuna zaidi ya alichopanda, na jirani yake hakupungukiwa. Meza ya poka haioti kitu. Tufanye hesabu. Watu sita waketi, kila mmoja na shilingi 1,000. Jumla ni 6,000. Katika kila mchezo shilingi 100 zawekwa kati, na mwenye meza akata 5 ziwe zake. Wakicheza michezo 60 kwa saa, amepata shilingi 300. Baada ya saa 20, zile 6,000 zote zimo mfukoni mwake, nao sita wamebaki na usingizi machoni. Ili mmoja atoke na faida, wenzake hawana budi kumlipa yeye na kumlipa mwenye meza pia. Basi fundisho la kumtajirisha kila mwanafunzi katika mchezo huu halipo wala haliwezi kuwapo. Asemaye analo auza upepo.

Tena ustadi wenyewe hauonekani upesi. Mwenye ree mbili, karata zilizo kubwa kupita zote, akiweka fedha yake yote dhidi ya mwenye wafalme wawili, hushinda karibu mara 82 katika 100. Mara 18 hushindwa, ingawa hakukosea neno. Kwa hiyo stadi aweza kupoteza kwa majuma, na mjinga aweza kushinda kwa majuma. Huyu mjinga mwenye bahati ndiye nimwogopeaye zaidi, kwa kuwa hujidhania stadi.

Nilimwona mmoja. Tulikuwa sote katika chuo cha ualimu, na vitanda vyetu vilikabiliana. Alishinda majuma mawili mfululizo. Akatununulia chai na mandazi, akanicheka mimi niliyekuwa nikiandaa masomo ya kufundishia. Muhula uliofuata mama yake aliuza ng'ombe, akamtumia karo. Aliicheza yote kwa usiku tatu, na mtihani hakuufanya. Mama alipokuja chuoni kuuliza habari za mwanawe, sisi wenzake tuliokula mandazi yale tulishindwa kumtazama usoni.

Watetezi wa mchezo humtaja Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani. Mwaka 2003 alilipa kiingilio kisichofika dola 100 katika mchezo wa intaneti, akapata nafasi katika shindano kuu la dunia huko Las Vegas, akashinda dola 2,500,000. Ni kweli. Lakini walioingia shindano lile walikuwa 839. Twamsimulia mmoja kwa sababu alishinda. Wale waliorudi mikono mitupu hatuwasimulii, ilhali fedha yao ndiyo iliyomtajirisha.

Na tangu siku zile mambo yamezidi ugumu. Mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji hodari wa kulipwa katika poka ya watu sita. Makampuni huzikataza programu za namna hiyo mezani pao. Walakini wewe uliye kitandani na simu yako, uso wa mpinzani wako huuoni.

Huenda ukaniambia, "Mwalimu, mimi nina subira na akili, nitakuwa miongoni mwa wale wachache." Yamkini. Lakini ikiwa una subira ya kungoja karata njema usiku kucha, unayo pia ya kulea miche hadi izae. Ikiwa una moyo wa kuandika kila shilingi, waweza kuendesha duka. Sifa zimpazo mtu ushindi katika poka ni zile zile zimpazo riziki penginepo. Tofauti ni kwamba mwenye duka hupata faida yake, na mteja naye huenda nyumbani na sukari. Mshindwa wa poka huenda nyumbani na nini?

Kwa hiyo, siku utakapokaribishwa kwenye meza ile, uliza ni nani atakayelipa. Ukiwa humjui, huenda ni wewe. Na ukiwa wamjua, jiulize kama utaweza kumtazama mama yake usoni.