Tumekiogopa kisu, tukawapa watoto wembe

Liko jambo dogo ambalo wengi wetu tulioko maofisini na shuleni tumelizoea hata hatulioni tena. Boksi la madaftari linaletwa, limefungwa kwa mkanda wa plastiki. Watumishi watano wanalizunguka. Mmoja anajaribu ufunguo, wa pili anajaribu meno, wa tatu anachokoa kwa kalamu mpaka kalamu inavunjika. Hatimaye anaitwa tarishi, naye anatumwa kuazima kisu kwa mama anayepika chai nyuma ya jengo. Kazi ikisha, kisu kinarudishwa kimeviringishwa katika gazeti kana kwamba ni kitu cha aibu. Laiti tarishi huyo angekitoa mfukoni mwake mwenyewe, wale watano wangetazamana, na jioni maneno yangeanza kupita kwamba kijana yule si mtu wa kuaminiwa.

Kasumba hii ni ya kupigwa vita. Tumejijengea fikra kwamba mwenye kalamu mfukoni ni mstaarabu na mwenye kisu mfukoni ni mhuni. Lakini mkulima anayebebesha miche, mvuvi anayekata kamba ya nyavu, fundi umeme anayemenya waya, muuza machungwa kituoni, wote hao wana kisu nao wanakitumia mchana kutwa bila kumdhuru mtu. Aibu ya kisu, tukiichunguza vizuri, ni aibu ya kazi ya mikono. Na wala hatuna uthabiti katika hofu yetu. Bwana yule yule anayeshtuka kuona kisu cha kukunja mkononi mwa karani, usiku analala usingizi mzuri kwa sababu langoni pake yuko mlinzi Mmaasai mwenye sime kiunoni. Oman imeiweka khanjari katika bendera yake, wala hatujasikia mtu akiikimbia bendera hiyo.

Siwatetei hata kidogo vijana walioingia katika uchafu mwingine, yaani wale wanaotafuta kisu kirefu, chenye meno mgongoni na ncha mbili, mfano wa vile walivyoviona katika sinema. Kisu cha shubiri nzima hakimenyi chungwa, hakifungui bahasha, hakichongi penseli. Kazi yake ni kuonyeshwa mtu mwingine ili aogope. Mwenye kukibeba mjini hana hoja, na polisi wakimkamata sitamlilia.

Kati ya hofu ya watumishi na majivuno ya vijana kipo kipimo cha haki, nacho ni kiganja. Weka vidole vinne pamoja, ukiacha gumba: upana wake ni kama sentimita saba au nane. Bapa la urefu huo linatosha kwa karibu kila kazi ya siku. Ajabu ni kwamba mataifa yaliyokaa na kubishana juu ya jambo hili yamejikuta yakizunguka hapo hapo. Uingereza, kwa Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988, ilikataza kubeba kitu chenye makali hadharani bila sababu nzuri, ila ikakiacha kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Hata kwa kisu kikubwa zaidi sheria hiyo inasikiliza utetezi wa kazi, wa dini na wa vazi la taifa. Wafaransa, ambao visu vyao vya Opinel hupangwa kwa namba kufuata ukubwa, wanakijua zaidi Namba 8, ambacho bapa lake ni sentimita 8.5. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, haikuona haja ya rula: inamshughulikia anayetembea na silaha hadharani bila sababu ya halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Hapo kinachopimwa ni mwenendo wa mtu.

Lakini hofu ikishapanda, rula na mwenendo vyote husahauliwa. Napenda walimu hasa wauangalie mfano wa Japani.

Huko, katika mji wa Miki mkoani Hyogo, mafundi walianza mwishoni mwa karne ya 19 kufua kisu kidogo cha kukunja kiitwacho higonokami. Jina hilo maana yake ni Bwana wa Higo, jina la kitukufu mno kwa kitu cha kuchongea penseli. Mpini wake ni bati lililokunjwa tu, hakina springi wala kufuli, na bapa hushikiliwa na gumba la mwenye kukitumia linalobana mkia mdogo wa chuma. Kilikuwa rahisi kwa bei, na kwa vizazi viwili vitatu mtoto wa shule wa Kijapani alikuwa nacho mfukoni kama watoto wetu walivyo na gololi. Alichongea penseli, akatengenezea vitu vya kuchezea vya mianzi, akajikata kidole mara moja, akajifunza.

Tarehe 12 Oktoba 1960, katika ukumbi wa Hibiya jijini Tokyo, mwenyekiti wa Chama cha Kisoshalisti cha Japani, Ndugu Inejiro Asanuma, aliuawa akiwa jukwaani anahutubia. Muuaji alikuwa kijana wa miaka 17 aliyelishwa siasa za mrengo wa kulia. Aliruka jukwaani na upanga mfupi wa jadi, wenye bapa la takriban futi moja, akamchoma mbele ya kamera za televisheni. Taifa zima liliona. Na taifa likafanya nini? Ilienea kampeni ya kutowaruhusu watoto kuwa na vitu vyenye makali. Upanga wa futi moja ulimwua kiongozi wa wafanyakazi. Kikanyang'anywa kisu cha penseli cha mtoto wa darasa la pili!

Ni kweli kwamba mashine za kuchongea penseli nazo zilichangia kukiua kisu kile, na kwa haki lazima tuseme hivyo. Hata hivyo wazee wa Miki waliokuwa wengi katika kazi hiyo waliifunga mmoja baada ya mwingine, na leo imebaki karakana moja tu yenye haki ya kulitumia jina hilo. Sheria ya nchi hiyo hivi sasa kwa jumla haimruhusu mtu kubeba bapa linalozidi sentimita 6 pasipo sababu ya haki. Kizazi cha siasa zilizomlea muuaji hakikupimwa kwa sentimita. Lakini iko shule moja ya msingi mkoani Nagano ambayo tangu miaka ya 1980 imekuwa ikimpa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza higonokami yake, na mwalimu anamfundisha kuchonga penseli kwayo. Walimu hao hawakungoja hofu ya taifa iishe.

Najua nitaulizwa: je, watu hawafi kwa visu? Wanafa, na sitaki kulifanyia mzaha. Tarehe 29 Julai 2024 wasichana wadogo watatu waliuawa huko Southport, Uingereza, na kijana mwenye kisu cha jikoni. Tarehe 23 Agosti mwaka huo huo watu watatu waliuawa katika tamasha la mji wa Solingen, Ujerumani, mji ambao kwa karne nyingi umejulikana duniani kwa kufua visu. Wajerumani wakaongeza makatazo ya kubeba visu katika sherehe za watu na katika treni. Mahali penye umati, mahakamani, uwanja wa mpira na ndani ya ndege, sina ubishi: kisu kibaki nyumbani. Marekani yenyewe ilitangaza Machi 2013 kwamba itaruhusu vidogo visivyozidi sentimita 6 ndani ya ndege, wahudumu wa ndege wakapinga kwa nguvu, na ilipofika Juni jambo hilo likafutwa. Walifanya vema. Lakini tukumbuke kwamba katika mauaji ya kuchoma na kukata ya huko Uingereza, kisu kinachoongoza ni kile cha jikoni, ambacho kimo katika kila nyumba na hakuna anayemwita mpishi mhuni.

Sasa turudi darasani kwetu. Mtoto wa Kitanzania anachonga penseli kwa wembe. Wembe hauna mpini. Una makali pande zote mbili, ukiushika lazima ushike makali. Watoto wakiwa wawili wanauvunja katikati wagawane, na vipande vinafichwa ndani ya jalada la daftari. Tumewahubiria miaka na miaka kwamba wasichangie nyembe kwa sababu ya UKIMWI, kisha asubuhi wembe mmoja unazunguka dawati hadi dawati mbele ya macho yetu, nasi hatusemi kitu, kwa kuwa wembe ni "wa shule" na kisu ni "wa wahuni".

Nami nimo katika lawama hii. Nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu, mvulana mmoja alikuja na kisu cha kukunja alichopewa na babu yake, mvuvi. Nilimnyang'anya, nikamchapa viboko viwili mbele ya wenzake, nikatoa pesa yangu kununua wembe dukani nikampa, nikijiona mlezi mwema. Wiki haikuisha aliletwa kwangu kidole cha shahada kimepasuliwa mpaka karibu na mfupa. Kisu chake nilikipima siku nyingi baadaye: sentimita 6 na nusu, butu kidogo, na pini yake imekazwa vizuri na mikono ya mzee aliyejua anachofanya. Babu hakuja kudai. Pengine alidhani mwalimu anajua zaidi.

Kwa hiyo nasema bayana kwa walimu wenzangu. Visu vitano vya kukunja, vya vidole vinne, visivyo na ncha kali, vikae katika meza ya mwalimu kila darasa, vihesabiwe asubuhi na vihesabiwe wakati wa kutoka. Mtoto afundishwe kuelekeza makali mbali na mwili, kukipokeza kwa mpini, na kukikunja kabla ya kuinuka kwenye dawati. Nyembe zikusanywe zitupwe shimoni. Na kwenu watumishi wa maofisini, mtu wa shamba akija shauri na kisu kidogo mfukoni, msimgombeze mlangoni kama mwizi. Mwambieni akiache kwa mlinzi kwa stakabadhi, apewe akitoka, tena kwa mkono wa heshima, maana anakwenda kukifanyia kazi.