Nani Kasema Wameuza Utamaduni?

Kwenye baraza letu la waandishi chipukizi mwenzetu mmoja alisimama akatuhubiria: msanii anayeuza mambo ya wazee wake hana tofauti na mtu anayeuza kaburi la babu yake. Mfano wake eti ni Waaborijini wa Australia, wanaochora hadithi za mababu na kuwauzia Wazungu. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Ile ni hoja ya mtu aliyeshiba.

Twende Yuendumu, jangwani, karibu kilomita 290 kutoka Alice Springs. Hapo wanaishi Wawarlpiri. Mwaka 1984 wazee watano walishika brashi wakachora milango 30 ya shule ya kijiji. (Majina yao siyataji, kwao marehemu hatajwi ovyo.) Walichora Jukurrpa, yaani mapito ya mababu walioumba vilima na visima vya maji, pamoja na sheria walizoziacha. Walitaka mtoto anayekwenda kusoma mambo ya Wazungu asukume kwanza mlango wa kwao. Mwaka uliofuata kikazaliwa chama cha wasanii, Warlukurlangu, kilichopewa jina la mahali pa hadithi ya moto. Mpaka leo ni mali ya wasanii wenyewe.

Watoto ni watoto, milango ile wakaichorachora. Mwaka 1995 ikachukuliwa na jumba la makumbusho la Adelaide. Sawa, imehifadhika. Lakini jamani, mlango usiosukumwa na mtoto yeyote unamfundisha nani? Wawili kati ya wazee wale hawakukaa kuililia. Walizichora hadithi zilezile upya kwenye mabamba, zikachapwa kwenye karatasi. Huo ndio utunzaji ninaouelewa mimi: kurudia kazi.

Tuje kwenye pesa, maana ndizo zilizomkera mwenzetu. Wanawake wa Yuendumu walipoanza kuuza picha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa wanatafuta gari. Gari! Ardhi yao iko mbali, na hadithi ya mahali hufundishwa ukiwa umepakanyaga mahali penyewe. Sasa niambieni, hapo utamaduni umeuzwa au umenunuliwa nauli?

Tena kule mtu hajichorei tu lolote limjialo. Kila hadithi ina kirda, wenye nayo kwa upande wa baba, na ina kurdungurlu, wasimamizi wake kwa upande wa mama. Kirda akikosea, kurdungurlu humrekebisha. Mambo ya siri hayachorwi kwenye kitambaa cha kuuzwa. Mnunuzi anaondoka na rangi na kitambaa chake. Haki ya kuisimulia hadithi inabaki kijijini. Sisi tunaojiita wasanii huru, nani huturekebisha tukidanganya?

Kama mnatafuta wa kumlaumu, mtafuteni kwingine. Mwaka 1988 mbele ya bunge jipya la Canberra ilitandazwa nakshi kubwa ya vijiwe, iliyobuniwa na mchoraji wa Kiwarlpiri. Wakubwa wakajipamba nayo. Mwaka 1993 mchoraji yuleyule alirudi na patasi akang'oa jiwe moja, kupinga namna serikali ilivyoshughulikia haki za ardhi za watu wake. Na mwaka 2008 serikali ya Northern Territory ikaamuru saa nne za kwanza shuleni ziwe za Kiingereza. Kumbukeni shule ya Yuendumu ilikuwa na masomo ya Kiwarlpiri tangu 1974! Amri ile ililegezwa baadaye, lakini ilikwisha toka kinywani. Picha wanaipenda, lugha inayoisimulia wanaitoa nje asubuhi. Hapo sikusikia baraza letu likihubiriwa.

Mwenzetu yule ana bibi yake kijijini, mzima wa afya. Nilimwuliza mara ya mwisho alimwomba hadithi lini, akacheka. Aende. Nauli nitamchangia, hata kama nitalazimika kuuza hadithi yangu moja.